Digrii Tisini za Goti la Kaka

3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yako na cherehani yenu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa wifi yako ana mafua, na paka amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku la vitabu vyangu vya jiometria, nami nimekatazwa kulisogeza.

Kabla hujauliza kwa nini sikupiga simu: ukiwa kwenye simu unasema "ndiyo kaka, ndiyo kaka" huku nasikia cherehani inakimbia. Barua inakulazimu uondoe mguu kwenye pedali.

Jambo lenyewe ni goti. Tarehe 24 mwezi huu nitafanyiwa upasuaji, nibadilishiwe goti la kulia. Usishtuke, nitakueleza. Goti ni bawaba, kama ya mlango. Kwenye miisho ya mifupa pana gegedu, kitu laini chenye kuteleza, kazi yake kuzuia mfupa usisage mfupa. Langu limekwisha. Miaka thelathini na minne ya kusimama mbele ya ubao imelimaliza, na kwa miaka mitano sasa mguu wangu haukubali kunyooka sawasawa. Daktari atapunguza ncha za mifupa, avike kofia ya chuma upande wa paja, sahani ya chuma upande wa muundi, na katikati aweke plastiki ngumu. Basi. Alinichorea. Mchoro wake ulikuwa na kasoro mbili, nikamrekebishia. Akasema, "Mzee, siku ya operesheni utakuwa umesinzia, sivyo?"

Hospitali wametupa karatasi ya maandalizi. Tumeambiwa tuondoe mikeka na mazulia nisije nikajikwaa, tusogeze meza, na tuinue kiti changu. Wifi yako ametii kwa bidii hata nyumba imekuwa tupu, na majirani wawili wamekuja kutuaga wakidhani tunahama. Kiti changu kimewekwa juu ya matofali. Nikikikalia miguu haifiki chini, naning'inia kama mtoto wa darasa la kwanza. Zaidi ya hapo kila kitu kiko tayari na sina wasiwasi wowote.

Nakutakia kazi njema na wateja wasiobadili mawazo.

Kaka yako

Wifi, naongeza huku chini kaka yako akiwa ameenda kutafuta bahasha. Hajakwambia kwamba tarehe hii ni ya nne. Ya kwanza alisingizia mvua, ya pili akasingizia paka, ya tatu alijifungia chooni mpaka gari likaondoka. Safari hii mkoba wake nimeufunga mimi na nimeukalia.


11 Februari

Kaka yangu, mrekebishaji wa madaktari,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima. Binti ameanza kukata vitambaa mwenyewe, na mkono wake umetulia kuliko wangu, jambo ambalo nimelisema humu tu, yeye simwambii. Mpe wifi pole ya mafua, na umwambie asiondoke juu ya mkoba.

Nimefurahi kwa habari za goti. Nimekushonea suruali mbili pana, zenye vifungo kutoka kiunoni mpaka mguuni, ili daktari akitaka kuona kidonda usilazimike kuvua heshima yote. Nimetumia vipimo vyako vya miaka kumi iliyopita. Kama kiuno kimeongezeka ni siri yako na wifi.

Sasa, nina mteja mmoja. Mama wa makamo, mcheshi, sura yake nzuri sana, mwendo wake ulikuwa mzuri pia kabla goti la kushoto halijaharibika. Daktari wa huku amemwambia naye abadilishiwe. Amekataa. Aliposikia kaka yangu anafanyiwa, amenibana nikuulize mambo matatu. Je, wanatumia msumeno? Je, mtu anasikia? Na je, baada ya hapo mguu utakunjika, au atatembea kama meza? Anasema hataki kuambiwa na daktari, maana daktari hajawahi kukatwa. Atakutazama wewe. Ukitoka salama na goti likakunjika, naye atakubali. Likigoma, hataki hata kusikia neno hospitali.

Kwa hiyo usituangushe, yaani usimwangushe.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Suruali zimefika. Zinakaa vizuri, na kuhusu kiuno sisemi kitu.

Mwambie huyo mteja wako, yule uliyemsifu sura kwa bidii kubwa, majibu ni haya. Msumeno upo, lakini ni mdogo, wa umeme, si wa seremala. Mtu hasikii, kwa sababu huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, na kutoka kiunoni kwenda chini anakuwa kama gunia. Na goti hukunjika, mradi mwenyewe afanye mazoezi. Hilo la mwisho alipigie mstari.

Mimi najizoeza magongo ukumbini. Ukipanda ngazi, unatanguliza mguu mzima. Ukishuka, unatanguliza mbovu. Nimewafundisha watu wote wa nyumba hii na fundi bomba aliyekuja kutengeneza koki. Alipokuwa akiondoka nilimwona anashuka vidato vyetu vitatu kwa uangalifu mkubwa, na miguu yake yote ni mizima.

Wifi yako anasema barua hii nimeiandika mara tatu. Si kweli. Nimeiandika mara mbili.

Kaka yako


5 Machi

Mdogo wangu,

Niko nyumbani, niko hai, nina goti la chuma. Wifi yako mafua yamekwisha, na watoto wa paka wamefungua macho.

Operesheni ilikwenda vizuri. Nilikuwa macho mwanzoni, pazia likiwa mbele yangu, na nikasikia nyundo. Nikauliza ni ya uzito gani. Wakaendelea kugonga. Nikaeleza kwamba nguvu ya nyundo hutegemea uzito na mwendo kwa pamoja, na nilikuwa naelekea kwenye mfano, ndipo daktari wa usingizi aliponiongezea kitu kwenye mshipa. Nilizinduka nikiwa wodini. Wanasema niliwaambia "fungueni ukurasa unaofuata," kisha nikakoroma.

Kesho yake alikuja binti wa mazoezi ya viungo, ambaye wodi nzima inamwita Fizio. Mdogo wa umbo, mkono kama koleo. Akanisimamisha. Nisingependa kueleza kilichosemwa, ila mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba ahamishwe. Fizio akasema, "Mzee, nataka ufike walau digrii tisini kwa wiki ya sita. Ukifika mia na ishirini nitapiga vigelegele." Akanipa karatasi ya mazoezi na kuniambia nirudi kwake kila wiki mbili.

Sasa sikiliza. Unakumbuka waliponiaga shuleni walinipa kile kipimapembe kikubwa cha mbao, cha kuchorea ubaoni? Wifi yako alikuwa anatundikia vikombe. Nimekichukua. Jana, siku ya nane tangu nikatwe, nimekaa kwenye kiti, nimekiweka pembeni mwa goti, nimesoma: digrii mia na arobaini.

Mia na arobaini, siku ya nane! Nilijua zamani kwamba shida yangu ni kunyooka, sasa naona goti limefunguka kupita matarajio ya hospitali nzima. Nimesoma mara tatu. Mpe mteja wako habari hiyo.

Kuna jambo moja tu la ajabu. Nikifanya mazoezi ya karatasi ile, yale ya kuvuta kisigino nyuma, maumivu ni makali mno na namba inashuka. Leo asubuhi baada ya mazoezi ilikuwa mia na thelathini. Nikapumzika mchana kutwa, ikarudi mia na arobaini na moja. Ni wazi kwamba mazoezi yanaharibu. Karatasi yenyewe ina makosa mawili ya uchapaji, sioni ajabu ikiwa na la tatu. Nimeamua kupumzika kwa nidhamu. Na kwa Fizio sitakwenda kwa sasa, niwaachie nafasi walio nyuma yangu. Mishono itatolewa na muuguzi wa zahanati hapa jirani.

Kaka yako mwenye goti la mfano


13 Machi

Kaka yangu wa chuma,

Hongera, tena hongera! Binti amecheka habari ya nyundo mpaka akakata kitambaa upande. Sisi wazima.

Mteja wangu nimemsomea barua yako yote. Aliposikia mia na arobaini akainuka, na kuinuka kwake si jambo dogo, akaenda hospitali siku hiyohiyo akaandikisha jina. Amepewa tarehe 19 Mei. Anasema kama mzee wa umri wako, mbishi vile, amefika mia na arobaini kwa siku nane akiwa amelala, basi yeye atacheza.

Wifi ameniletea suruali moja kwa basi nipunguze kiuno. Mwambie nimeipokea na nimekula kiapo cha kutotaja ni inchi ngapi. Nitaishughulikia nikimaliza sare za kwaya.

Mdogo wako


24 Machi

Kaka,

Hatujambo. Nina haraka.

Leo nimeifungua ile suruali yako niipunguze. Mimi nimeshona miaka ishirini na saba, na suruali iliyovaliwa naisoma kama wewe unavyosoma daftari la mtoto. Anayekaa na kuinuka, goti la suruali hutoa tumbo kwa mbele, na nyuma hujaa mikunjo. Mguu wako wa kushoto uko hivyo. Mguu wa kulia umenyooka kama umetoka kupigwa pasi. Hakuna hata mkunjo mmoja. Umeivaa wiki mbili, wifi aliniandikia.

Kaka, hilo goti linakunjika?

Fanya hivi leo hii. Nyoosha mguu mbele yako, uwe kama fimbo, kabisa. Kisha uweke kile kibao chako na uniambie kinasoma ngapi. Kama kunyooka ni mia na themanini kwako, muulize Fizio kwake ni ngapi. Mimi sijui jiometria, lakini najua futi ya kupimia ina ncha mbili, na mtu akianzia ncha isiyo yake, koti linamfika magotini.

Mteja anauliza kila siku habari zako. Nimemwambia unaendelea vizuri. Nifanye nisiwe nimesema uongo.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imekaa njiani siku nane. Imefika jana. Nimefanya ulivyosema. Mguu ukinyooka kama fimbo, kipimapembe kinasoma mia na sabini na tano. Nikampigia Fizio simu, nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine, mguu ulionyooka kwao huitwa digrii ngapi.

"Sifuri, mzee," akasema. "Tunahesabu mkunjo."

Ngoja nikueleze, kwa sababu nataka ionekane kwamba kipimo hakikuwa na kosa. Pembe kati ya paja na muundi, kwa mtu wa jiometria, mguu ukinyooka ni mia na themanini, na ukikunjwa inapungua. Kwa mtu wa hospitali, mguu ukinyooka ni sifuri, na ukikunjwa inaongezeka. Mimi na Fizio tumepima kitu kilekile kwa usahihi uleule. Ila mia na arobaini yangu kwake ni arobaini tu. Na kila nilipofanya mazoezi nikaona namba inashuka, nilikuwa napona. Na kila nilipopumzika ikapanda, nilikuwa naharibika, huku nikijipongeza.

Leo nimepima kwa hesabu yao. Ni arobaini na tatu. Kwenda kwa daktari ni tarehe 7, siku tano zijazo.

Wifi yako nilipomweleza alicheka mpaka akachuchumaa sakafuni, mkao ambao mimi siuwezi.

Nakuomba jambo moja. Mteja wako asijue.

Kaka yako


8 Aprili

Kaka,

Pole sana. Sisi wazima, ila mteja wangu si mzima. Ameisoma barua yako juu ya bega langu. Akasema, "Basi nitafuta jina." Nimemwambia asubiri. Amesema anasubiri, lakini anavaa viatu.

Naleta kwa basi mkanda wa turubai, nimeushona mara tatu pembeni, haukatiki. Kaa kwenye kiti cha kawaida, hicho cha matofali ukiteremshe. Upitishe mkanda kwenye kifundo cha mguu, uvute kisigino kirudi chini ya kiti. Mahali kisigino kilipofika, wifi achore mstari sakafuni kwa chaki. Kesho ni lazima uuvuke. Ukiuvuka, achore mwingine. Digrii zitajijua zenyewe.

Usiuchambue mkanda. Uvute.

Na Fizio alisema nini jana, tarehe 7? Niandikie upesi.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na aibu, na kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye mkanda.

Tarehe 7 nilikwenda. Fizio akanilaza, akatoa kipimo chake kidogo cha plastiki.

"Mzee, mazoezi ulifanya?"

"Nilifanya mapumziko," nikasema.

"Wiki ngapi?"

"Karibu zote."

Nikamweleza habari ya kipimapembe, tangu mwanzo, na mfano. Alisikiliza hadi mwisho, akaenda mlangoni akaita wenzake wawili, akaniomba nieleze tena. Nilidhani ni kwa ajili ya elimu. Mmoja alilazimika kutoka nje.

Kisha akapima. Arobaini na nane. Daktari alipokuja hakucheka. Alisema ndani ya goti nyama inashikana kama gundi, na kila siku inazidi kukauka. Kama sijafika tisini tarehe 28, atanirudisha chumba cha upasuaji, wanisinzishe, waukunje mguu kwa nguvu. Nikauliza kwa nguvu kiasi gani. Akasema, "Mzee, ndiyo maana tunamsinzisha mtu."

Basi tunavuta. Wifi yako amekuwa sajenti. Anasimama na mwiko, anagonga sufuria, na mimi navuta mkanda nikitaja majina ya wanafunzi wangu watukutu, mmoja kwa kila mvuto. Jana nilifika darasa la mwaka wa tisa wa kazi yangu. Jirani wa kulia amekuja kuuliza kama tunamtafuta mtu. Sakafu ina mistari saba ya chaki. Leo ni sabini na moja, kwa hesabu ya hospitali. Unaona, nimehama upande.

Sasa nikuambie kitu nilichokuwa sikisemi. Mimi si mtu wa kukosea pembe. Ningekitazama kile kibao kwa jicho moja tu la akili, ningejua. Mguu uliokaribia kunyooka na mguu unaokunjika, hata mtoto wa darasa la tano anatofautisha. Lakini iliniuma, mdogo wangu. Iliniuma kuliko nilivyowahi kuumwa, na niliogopa, na kipimapembe kikanipa ruhusa ya kuacha. Nikaichukua ruhusa bila kuuliza swali la pili. Niliogopa hata kabla ya operesheni. Kile choo nilichojifungia kitasa chake hufunguka hata kwa nje, na wifi yako kwa huruma hakukifungua.

Na jambo jingine. Tuache habari za mteja. Nimejua tangu barua yako ya kwanza. Hakuna fundi aliyewahi kumsifu mteja sura kwa mistari miwili. Ni goti lako la kushoto, la pedali, na umeliuguza muda mrefu bila kuniambia. Usifute jina. Mimi nimekuwa mfano mbaya kwa sababu ya uvivu wangu na woga wangu. Goti lenyewe halina kosa.

Kaka yako


22 Aprili

Kaka,

Sawa. Ni mimi. Na sura ni nzuri, hilo silifuti.

Mwaka wa tatu huu. Binti ndiye anayekanyaga pedali siku hizi, mimi nakaa pembeni nakosoa. Nikipanda kidato cha duka nageuka upande kama kaa, na wateja wanadhani nawapisha. Sikukwambia kwa sababu ungenieleza.

Kaka, wewe umeogopa na umesema. Mimi naogopa kuliko wewe, na sijui kusema, najua kushona tu. Kwa hiyo nitakuambia kama ninavyowaambia watu wa sare: tarehe ni tarehe. Ukifika tisini siku ya 28, tarehe 19 Mei mimi nitalala kwenye kile kitanda. Wakikusinzisha tena wakukunje kwa nguvu, nafuta jina, na usiniandikie hata ukurasa mmoja wa kunishawishi, maana karatasi hiyo nitaikata kuwa kiolezo cha kola.

Vuta.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, kabla sijasahau hata neno.

Fizio alinilaza, akakunja, akapima. Akatazama kipimo, akanitazama mimi.

"Themanini na nane," akasema. "Mzee, nitaandika tisini. Digrii mbili si kitu, na daktari hana muda wa kurudia."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Wifi yako alikuwa nyuma yangu, na nilimsikia akivuta pumzi. Namba ingekuwa tisini, nisingesinzishwa, na wewe ungelala kitandani tarehe 19. Nilitamani kunyamaza.

"Usiandike," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kuna mtu atakatwa goti kwa sababu ya hiyo namba. Nimeshamdanganya kwa kipimo mara moja. Nipe robo saa."

Akasema ana wagonjwa sita nje. Wifi yako akasema, "Hao niachie mimi, nitakaa nao." Akatoka, na nadhani aliwaeleza wote, kwa sababu mlango ulijaa vichwa. Mimi nikakaa kwenye kiti cha Fizio, nikapitisha mkanda wako kifundoni, nikavuta. Nilikuwa sina tena wanafunzi wa kuwataja, nimewamaliza wote. Nikaanza walimu wenzangu. Nilipofika kwa mwalimu mkuu, kitu ndani ya goti kikaachia kama mshono unaofumuka, nikapiga ukelele ambao ndugu wa mgonjwa mmoja waliukimbia, na Fizio akashika mguu wangu palepale ulipo.

"Usipumue," akasema. Akapima. Akapima tena kutoka upande wa pili, kwa heshima yangu.

Tisini na tatu.

Daktari ametia saini. Wifi yako analia na kucheka. Mgonjwa wa kwanza kwenye foleni ameniuliza mkanda huu umeshonwa wapi.

Neno langu nimetimiza. Zamu yako.

Kaka yako


6 Mei

Kaka,

Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa, halafu binti akaisoma kwa sauti mbele ya wateja watatu. Mmoja ameagiza mkanda.

Jina langu liko palepale. Nimeacha maagizo ya sare yote kwa binti, nimeandika kila kitu, hata mahali pa kuweka pini. Naogopa sana. Hilo ndilo nililotaka kukuandikia, mengine ni salamu.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii hukuitegemea, na haikupitia posta. Inaletwa na binti yako kutoka mezani kwako, hapa jirani na hospitali, ambako nimekaa sasa hivi nikinywa chai yenu. Jana ulipokuwa chumba cha upasuaji mimi nilikuwa kwenye basi kwa muda wa saa tisa nzima, kiti cha dirishani, magoti yote mawili yamekunjwa kama ya abiria wengine. Wifi yako alikuja nami na sasa anaondoa mikeka yako yote. Jirani yako mmoja ameshauliza mnahamia wapi.

Daktari wenu anasema operesheni imekwenda vizuri. Nilikuwa na maswali manne, binti yako amenikubalia mawili. Anasema ulipokuwa unaingizwa ulimshika mkono muuguzi mpaka vidole vyake vikawa vyeupe, lakini hukuomba kurudishwa nje. Mimi niliomba mara mbili. Sikuandika.

Kesho atakuja Fizio wa huko. Itauma. Sitakueleza sababu, ingawa ninazijua. Wewe mwangalie tu usoni na ukunje.

Muuguzi ameniruhusu kuingia saa kumi kwa sharti la kukaa kimya. Nilipochungulia mlangoni asubuhi, niliona kando ya kitanda chako pana kigoda kifupi sana. Nitakikalia mwenyewe, bila kushikwa. Wakati wa kuinuka, tafadhali geukia ukutani kidogo, hesabu mpaka ishirini, na chochote utakachosikia usigeuke.

Kaka yako, ambaye yuko hatua mia mbili kutoka kitandani kwako na anavaa viatu